Neno Moja Kabla ya Sura ya Kwanza

Muhuru Bay,
12 Januari 2025

Dada yangu mpenzi Risper,

Nakusalimu kwa furaha ambayo sijui hata niiweke wapi, maana nyumba yetu ni ya vyumba viwili tu. Habari za Kosele? Magoti ya mama mkwe wako yanaendeleaje? Na viazi vitamu, mmeanza kuchimba? Sisi hapa ni wazima kabisa. Leo natimiza wiki ya tano nikiwa mke wa mtu, na bado wanawake wa hapa wakiniita "nyar Kanyamwa", binti wa kwetu Ndhiwa, nageuka kuangalia ni nani huyo mwenye bahati.

Dada, huyu Caleb ananiharibu. Juzi alirudi kutoka kutengeneza injini za boti, mikono imejaa grisi, akanikuta nina homa. Akaosha vyombo. Vyombo, Risper! Nje kabisa, mchana, watu wakipita. Jirani akamwuliza, "Eish, Caleb, umeoa ama umeolewa?" Akajibu bila hata kuinua kichwa, "Vyote viwili, shemeji, na nyumba ni ile ile." Nilicheka mpaka homa ikakimbia.

Utauliza kwa nini ninakuandikia barua kama mtu wa zamani. Simu yenu ni ya boma zima. Nikikuambia siri asubuhi, saa sita shemeji yako Nicholas ameshaijua na saa nane inajadiliwa sokoni. Halafu nani alitufundisha barua kama si marehemu baba? Unakumbuka likizo zote zile, tukiandikiana kwa Kiswahili ndani ya nyumba moja, wewe jikoni na mimi sebuleni, na baba, Mwalimu Elkanah, akiturudishia barua zetu zikivuja wino mwekundu? Wenzetu walikuwa wakicheza.

Sasa keti kwanza. Umeketi? Nimeandika kitabu. Riwaya! Kurasa mia moja arobaini na mbili. Niliianza nikiwa bado Ndhiwa nauza duka, nikiandika nyuma ya kaunta kwenye madaftari ya mraba. Nilipeleka mswada kwa wachapishaji wawili Nairobi. Mmoja hakujibu mpaka leo. Mwingine aliniandikia mistari miwili kwamba kwa sasa hawapokei hadithi za mapenzi. Nililia siku mbili. Caleb akasoma ile barua, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno mengine, akasema, "Kama hawataki kukichapisha, si tukichapishe sisi?" Alikuwa akiweka akiba ya injini yake mwenyewe. Akasema injini itangoja.

Nimepata mtu wa kuchapa Migori mjini. Sitakuambia hadithi ni ya nani. Utaijua ukifika ukurasa wa pili. Nitakuambia jina tu: Atarudi Jumamosi.

Barua hii nampa Wangwe, yule mnunuzi wa omena anayepeleka mzigo soko la Kosele. Mpe jibu hapo hapo kwenye meza yake, ataniletea.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko wote wa pwani hii ya ziwa,
Joyline


Kosele,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Joyline,

Barua yako ilinifikia Jumanne ya juzi, inanuka omena. Sisi ni wazima. Mama Phelesia magoti yanamsumbua asubuhi, likitoka jua anatembea. Viazi tumechimba nusu, vingine vimeliwa na fuko. Nimefurahi kwa ajili yako na shemeji. Mwambie Caleb vyombo hata huku vipo.

Jina la kitabu nimelielewa. Mume wangu Levi alipokuwa akija huko kwenu kununua omena, alikuwa akirudi Jumamosi. Wewe ulikuwa msichana wa shule, unakuja likizo na kutukodolea macho. Sijui kama nilitaka yaandikwe. Umeshaandika.

Hapa Nicholas ameanza tena habari ya yago. Unajua ilivyo: mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa lile tunda la yago, likafungwa shuka, likazikwa mahali pake. Mimi simchukii shemeji yangu. Nyumba yake inavuja na hawezi kutoka kwenye boma la baba yao ajenge lake kabla jambo la kaka yake mkubwa halijaisha. Watoto wake wanalala kwenye maji. Lakini mimi sitazika tunda na kuliita mume wangu.

Wiki iliyopita walikaa wazee watano. Mama Phelesia akawaambia mbele yangu, "Huyu hana baba wala mama. Ana ndugu mmoja duniani. Siku yule mdogo wake akisema mwenyewe kwamba Levi amekufa, na mimi nitakubali tuzike. Kabla ya hapo, mwacheni mke wa mwanangu." Wazee wakainuka. Nicholas alivunja kiti kwa kukisukuma.

Kwa hiyo nimekaa salama, Joyline, nyuma ya mdomo wako.

Lile nililokuomba siku ya harusi yako usilisahau. Wawili wa ile boti iliyozama walipatikana, Levi hakupatikana. Huenda alitokea upande wa Tanzania. Waulize wanaovuka. Kama hakuna habari, usiandike kwamba hakuna.

Ni mimi dada yako,
Risper


Muhuru Bay,
6 Aprili 2025

Dada yangu kipenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Salamu nyingi kwako na kwa mama Phelesia, na pole kwa fuko. Caleb anakusalimu. Mama mkwe wangu anakusalimu. Hata mbuzi wetu mpya anakusalimu, Caleb amempa jina langu na nimekataa kukasirika.

KIMETOKA! Kiko hapa mezani kama mtoto aliyelala, naandika barua hii ubavuni pake.

Wacha nikueleze. Mwenye kuchapa anaitwa Gichana, ana duka nyuma ya kituo cha mafuta, anachapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na karatasi za mitihani. Riwaya ilikuwa yake ya kwanza na yangu ya kwanza. Jalada alilonionyesha siku ya kwanza lilikuwa na minazi miwili na mwanamke wa kizungu.

Nikamwuliza, "Gichana, Muhuru umeona wapi mnazi?"

"Madam, niliandika 'mapenzi' kwa kompyuta, ndiyo ikanipa hii."

"Na huyu dada?"

"Huyo alikuja na mnazi."

Tulihangaika wiki mbili. Mwishowe binamu yake alichora mlango wa nyumba ulio wazi na sufuria juu ya moto, na hakuna mtu. Ukilitazama utajua ni mlango gani. Kisha tukangoja ile nambari ya kitabu kutoka Nairobi. Kisha stima ikapotea siku tatu. Kisha karatasi zikaisha katikati, kwa hiyo kuanzia ukurasa wa tisini utaona weupe wake ni mwingine. Lakini nimehakikisha kina kila kitu kama vitabu tulivyosoma shuleni: shukrani, dibaji, na tabaruku. Tabaruku, lile neno la mbele la kukitunuku kitabu, ni yenu, wewe na Levi. Nani mwingine alinifundisha mapenzi ni nini? Kabla sijamjua Caleb niliwajua nyinyi. Nilikuwa nikikaa jikoni kwako najifanya nachambua mchele, kumbe nawasoma.

Na jina langu juu ya jalada: JOYLINE ODOYO. Dada, jina la mume wangu, limepigwa chapa! Gichana alinipa kurasa za kukagua nitie sahihi, na mimi nilikuwa naangalia jina tu.

Tulikizindua Jumapili iliyopita baada ya ibada. Mchungaji alikiombea kikiwa kwenye sanduku. Mama mkwe wangu akasimama mbele ya kanisa zima akasema, "Huyu ameolewa Desemba na tayari amezaa mia tatu! Nani mwingine ana mkwe kama huyu?" Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja akauliza kama ndani kuna mambo ya watu wazima, akaambiwa hapana, akarudisha nakala. Caleb alilia. Anasema ilikuwa vumbi.

Wangwe anakuletea nakala ishirini. Moja ni yako, nyingine wauzie walimu hapo Kosele. Nimempigia Mwalimu Sheila wa shule ya msingi, tulisoma naye, atapita kuchukua yake.

Soma usiku mmoja. Soma mwisho hasa. Kisha niandikie upesi, siwezi kungoja!

Mwandishi wako,
Joyline Odoyo


Muhuru Bay,
27 Aprili 2025

Dada Risper,

Salamu. Natumaini ni wazima. Sisi tuko sawa, mvua imeanza, omena hazikauki, wanawake wanazianika asubuhi na kuzianua kila wingu likipita.

Wangwe anasema alikukabidhi sanduku mkononi mwako tarehe tisa, na kwamba mara mbili amepita hukumpa barua. Mara ya pili anasema ulimwona ukageuka. Anaweza kuwa amekosea, macho yake si mazuri.

Hukukipenda? Niambie tu. Nimekuwa na wiki nzuri sana, watu wananisimamisha njiani kuniambia walilia kwenye ukurasa wa mia na kumi, na jioni narudi nyumbani nahesabu ni nani hajasema neno, na ni wewe peke yako.

Kama ni kwa sababu niliandika mambo ya jikoni kwako, nisamehe. Niliyaandika kwa upendo. Yona wa kitabuni anarudi, Risper. Nilimrudisha kwa ajili yako. Nilitaka mahali pamoja duniani ambapo anarudi.

Joyline


Kosele,
4 Mei 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Sisi ni wazima. Mahindi yamefika magotini.

Nimesoma kitabu chako mara tatu. Makosa niliyoona ni haya.

Ukurasa wa 9, "alimpeda". Iwe "alimpenda".

Ukurasa wa 23, ni Ijumaa. Ukurasa wa 24, siku hiyo hiyo, ni Alhamisi.

Ukurasa wa 41, mke anamkasirikia Yona kwa kupoteza shati. Halikuwa shati, ilikuwa sweta ya kijani, na sikukasirika. Nilicheka mpaka uji ukafurika.

Ukurasa wa 77, mistari miwili imerudiwa.

Ukurasa wa 118, omena hazikaangwi kwa mafuta yaliyopoa. Wewe umeolewa ufukweni, ona haya.

Ukurasa wa 140 hadi 142, anaporudi. Hapo sikuona kosa.

Kabla ya sura ya kwanza, ukurasa usio na namba, mstari wa pili, neno la nne. Neno hilo halitumiki katika nyumba hii. Futa.

Nakala kumi na nane ziko chini ya kitanda changu, na yangu. Moja Mwalimu Sheila aliichukua siku sanduku lilipofika, kabla mimi sijafungua kusoma. Nimemwendea mara mbili anirudishie. Anasema amemwazima mtu.

Usije kwa sasa.

Risper


Muhuru Bay,
8 Mei 2025

Risper, dada yangu,

Sijui nisalimie vipi. Salamu. Mama Phelesia hajambo? Wewe hujambo?

Nilipopata barua yako nilifungua kitabu nikiwa nimesimama. "Kwa dada yangu Risper, na mume wake, marehemu Levi, walionifundisha mapenzi." Nimekipitia kitabu hicho mara ngapi? Nimekisoma kwa sauti kanisani. Nimekilalia. Na neno hilo nilikuwa nikilipita kama mtu anavyopita kizingiti cha kwao.

Nataka kukuambia lilivyoingia, na nitakuambia lote.

Mimi niliandika "na mume wake Levi". Ndivyo daftari langu linavyosema, unaweza kuliona. Siku ya kupanga kurasa Gichana akaniuliza, "Hawa wawili watakuja siku ya uzinduzi? Tuwapige picha."

Nikasema, "Levi hatakuja."

"Yuko wapi?"

"Ziwa lilimchukua."

Akasema, "Pole, madam. Basi huwezi kumwandika hivi hivi tu. Mtu akishaenda unaweka marehemu, ama watu watasema huna adabu. Mimi huchapa ratiba za mazishi, najua." Akabonyeza herufi nane. Nilikuwa nimeketi pale. Sikusema ndiyo wala hapana. Akanipa kurasa nitie sahihi, na nilikuwa nimeshafunua jalada kutazama jina langu jipya, nikatia.

Ningeweza kuishia hapo na kumlaumu Gichana. Lakini baba angeniuliza kwa nini mkono wangu haukusita. Haukusita, Risper, kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Huku ninakoishi hakuna mtu anayesema "hajarudi" baada ya miaka sita. Ninawasikia wanawake wakitaja waume zao waliokwenda na maji, wanawataja huku wakichagua omena, na mimi nimezoea upesi kuliko nilivyopaswa.

Na lile ulilonituma niulize kwa wanaovuka. Sikuuliza. Hata mara moja. Wanapita mlangoni kwangu kila wiki, wengine ni rafiki za Caleb, wanakula kwangu. Kila mara nilijiambia kesho. Ninaogopa. Mume wangu anaingia kwenye boti zile zile kujaribu injini, na mimi ni mwenye furaha, na sikutaka kulitamka jambo hilo nyumbani mwangu. Hivyo ndivyo nilivyo. Nimekuandikia kurasa mia moja arobaini na mbili za mapenzi na sikuweza kumwuliza mtu mmoja swali moja.

Tunafuta. Mimi na Caleb, kwa kalamu nyeusi, kila nakala iliyobaki na zile watu wanazokubali kuturudishia. Tumefika mia mbili na kumi. Mama mkwe wangu anatuangalia.

Jana nilipiga simu yenu. Nicholas akashika.

"Mwandishi!" akasema. "Hongera. Tumesoma."

"Umesoma chote, shemeji?"

"Nimesoma ya kutosha."

Nikaomba nikuongeleshe. Akasema umekwenda mtoni. Nikamwambia, Nicholas, neno lile ni kosa la mashine. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mashine haina shemeji, Joyline." Akakata. Tangu hapo imezimwa.

Umesema nisije. Nitakuja hata hivyo, Jumamosi tarehe ishirini na nne, Caleb akirudi kutoka Mfangano. Nitasimama mbele ya mama Phelesia na kusema kwa mdomo wangu kwamba sikusema. Usimwache afanye lolote kabla sijafika. Wangwe ameahidi kukupa barua hii keshokutwa.

Joyline


Kosele,
1 Juni 2025

Mdogo wangu Joyline,

Salamu. Mimi mzima. Mama Phelesia mzima, amekaa jua lilipo. Nashukuru kwamba Caleb amerudi salama, Wangwe ameniambia. Barua yako ya tarehe nane nimeipata tarehe ishirini na moja, gari lake lilikuwa limekwama gereji Rongo. Siku iliyofuata nilimtuma mtu akupigie kwamba tarehe ishirini na nne usije, na umetii. Nashukuru kwa hilo pia.

Levi alizikwa Ijumaa tarehe kumi na sita.

Nakueleza ili usiisikie kwa watu. Mwalimu Sheila alisoma ule ukurasa akaja kunipa pole, mkate mkononi, mbele ya mke wa Nicholas. Hakujua lolote. Alisema, "Sikujua kwamba mmeshakubali." Jioni hiyo kitabu kilikuwa mkononi mwa Nicholas.

Alimsomea mama uani. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akasema kwa Dholuo. Mama Phelesia akamwambia, "Soma tena." Akasoma tena.

Mama akauliza, "Na ni yeye aliyeandika? Yule mdogo wake?"

"Jina lake hili hapa juu."

"Hilo si jina lake."

"Ni la mumewe. Ameolewa."

Nilitoka ndani nikamwambia, "Mama, Nicholas amesoma ukurasa mmoja. Mwisho wa kitabu anarudi." Nikaketi miguuni pake nikamsomea kurasa tatu za mwisho, zote, nikimgeuzia kila sentensi kwa Dholuo. Anaposukuma mlango, anapouliza kama kuna chakula. Joyline, hata Nicholas aliketi chini. Mkewe alilia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Amesema vizuri. Hiyo ni hadithi. Na hii ya mbele, nayo ni hadithi?"

Ningesema ndiyo, ingekuwa imekwisha. Hajui kusoma, angeamini. Nilifungua mdomo. Lakini mimi pia ni mtoto wa Mwalimu Elkanah. Nikamwambia, "Hapana, mama. Mbele ni tabaruku. Hapo mwandishi husema yake mwenyewe, ya kweli."

Akasema, "Basi amesema."

Lile neno alilowapa wazee ni langu na lake, na alilitimiza. Sina la kumlaumu.

Walikata yago kando ya mto. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, ilibidi washike wawili. Waliomba nguo yake, nikatoa suruali ya kazi. Walilifunga shuka, wakatengeneza sanduku dogo. Kabla ya kuteremsha, mzee mmoja aliuliza, "Na watu wa kwao mke, wako wapi? Hakuna aliyekuja kusimama upande wake?" Nicholas akainua kitabu chako juu, jalada likiwa limewatazama watu. Akasema, "Hawa hapa." Hakufanya dhihaka. Aliamini hivyo ndivyo inavyopaswa.

Niliambiwa nitupe udongo. Nikatupa.

Kisha mama Phelesia akalia. Sijawahi kumsikia mtu akilia hivyo. Alilala juu ya udongo na magoti yake yale, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi mke wake sikulijua. Miaka sita nimeishi na mwanamke huyo, tukipika kwenye jiko moja, na sikumwona akitoa chozi. Nilidhani anangoja pamoja nami. Alikuwa ananingoja mimi.

Sasa naitwa chi liel, mke wa kaburi, kama wajane wote wa hapa. Wanawake kisimani wanasogea kunipisha. Wazee walinitaka nitaje mtu wa kunirithi, nikasema nitakaa nilivyo, na mama Phelesia akasema waniache. Nicholas ameanza kupima mahali pa boma lake. Alikuja kuniomba radhi, nikampa chai.

Kuhusu kutowauliza wanaovuka, nilijua. Mtu aliyeuliza huandika, hata kama hakupata kitu, hata kama alikatazwa.

Acheni kufuta. Wangwe alinionyesha nakala moja, wino umepenya upande wa pili, na mtu yeyote akiiweka kwenye mwanga anasoma neno lote. Viuzeni vilivyo. Ni kitabu kizuri. Zile nakala kumi na nane nimempa Mwalimu Sheila, darasa la nane watazisoma.

Sijakusamehe. Nakuambia wazi kwa sababu sitaki ukae ukikisia, ukimkimbilia Wangwe kila gari lake likisimama, ukisoma uso wake kabla hajashuka. Najua maisha hayo yalivyo. Siku nikikusamehe nitakuandikia. Nikiona kwamba siwezi, hilo nalo nitakuandikia.

Mpe Caleb salamu zangu.

Risper